Kupanda Nanpu hadi Kochi: mwongozo wa treni ya dizeli inayolalia kona

Kila ikikaribia Aprili na Oktoba, miezi ambayo vyuo vya Japani hupokea wanafunzi, wenzetu wanaokuja kusoma huku Kochi huniuliza swali lile lile: "Kaka, nikishashuka shinkansen, ile treni ya mwendo kasi, pale Okayama, nafanyaje?" Nimekuwa nikijibu kwa ujumbe wa sauti, kipande leo, kipande kesho. Sasa nayaweka yote hapa.

Jibu fupi: panda ekspresi inayoitwa Nanpu, na baada ya saa mbili na nusu au zaidi kidogo utakuwa Kochi. Jibu refu ni kwamba Nanpu imeundwa kwa ajili ya kona. Anayeijua njia, akajua wapi treni inanyooka na wapi inaanza kupinda, atakula kwa raha, ataona mto, na atashuka tumbo likiwa limetulia. Ndiyo maana nitaanza na treni yenyewe kabla ya tiketi.

Treni hii ni ya namna gani

Shikoku ni kisiwa kidogo kuliko vyote kati ya visiwa vinne vikuu vya Japani. Kina mikoa minne: Kagawa, Tokushima, Ehime na Kochi. Kochi iko upande wa kusini, imetazama Pasifiki, na imetenganishwa na mikoa mingine kwa milima. Reli inayoipenya milima hiyo inaitwa Dosan. Inaanzia Tadotsu, inapita Kochi mjini, inaishia Kubokawa. Jumla ni kilomita 198.7. Upana wake ni milimita 1,067, sawasawa na reli ya TAZARA. Kwa sehemu kubwa ni njia moja tu, kwa hiyo usishangae treni ikisimama kwenye stesheni isiyo na mtu kusubiri nyingine ipite.

Nyaya za umeme zinaishia Kotohira, chini ya milima. Kuanzia hapo kwenda Kochi ni dizeli peke yake. Watu wa vijijini huku ni wachache na wanazidi kupungua, mahandaki ni ya zamani na membamba, na kuweka umeme kwenye njia ya namna hiyo ni gharama ambayo shirika la JR Shikoku haliwezi kuirudisha kwa nauli.

Kwa hiyo kilichobaki ni kuipa dizeli mbio. Miaka ya themanini barabara za mwendo kasi zilikuwa zinasogea kuelekea Kochi, na treni isiyoweza kukimbia kwenye kona ingepoteza abiria wote kwa mabasi. Mwaka 1989 JR Shikoku ilitoa treni ya majaribio ya aina ya 2000, treni ya kwanza ya dizeli duniani iliyotumia mtambo unaoongozwa na kompyuta kulaza behewa kwenye kona. Behewa limekaa juu ya roli, na likiingia kwenye kona hulala upande wa ndani hadi digrii 5, kama dereva wa bodaboda anavyoilalia kona. Treni za kulala zilikuwepo hata kabla, ila zile zilisubiri nguvu ya kona izisukume ndipo zilale, kwa hiyo zililala kwa kuchelewa na kwa kishindo. Hii ya Shikoku ina kumbukumbu ya kona zote za njia. Inajua iko wapi, na huanza kulala taratibu kabla kona haijafika. Tofauti hiyo utaisikia tumboni kabla hujaielewa kichwani.

Treni utakayopanda leo ni mjukuu wake, aina ya 2700, iliyoanza kazi mwaka 2019. Kati ya babu na mjukuu kuna aina moja iliyonifundisha uhandisi kuliko vitabu vingi. Mwaka 2017 JR Shikoku ilileta aina ya 2600, ambayo iliacha roli na badala yake ililaza behewa kwa kujaza upepo kwenye springi za hewa za upande mmoja. Mtambo mwepesi, rahisi kutunza. Lakini reli ya Dosan ina kona zinazofuatana bila kupumzika: springi zinajazwa, zinatolewa upepo, zinajazwa tena, na hewa kwenye matangi ikawa haitoshi. Aina ya 2600 ikapelekwa njia ya Takamatsu kwenda Tokushima, ambako kona si nyingi kiasi hicho, na wahandisi wakarudi kwenye roli. Mimi nawaheshimu kwa uamuzi huo. Waliipima treni kwenye mlima wenyewe, mlima ukatoa hukumu, wakaikubali.

Usitafute kichwa cha treni kinachovuta mabehewa. Kila behewa la 2700 lina injini mbili za dizeli chini ya sakafu, kila moja nguvu farasi 450, na mwendo wa juu ni kilomita 130 kwa saa. Mara nyingi utakuta mabehewa matatu tu. Ukiona treni fupi kwenye jukwaa refu, usidhani mengine yanakuja. Ndiyo hiyo hiyo.

Tiketi: ni mbili, si moja

Hapa ndipo wageni wengi hukwama. Kwa ekspresi unalipia vitu viwili. Kwanza nauli ya msingi ya umbali, *jōshaken*. Pili nyongeza ya ekspresi, *tokkyūken*. Ukiwa na ya kwanza tu utaruhusiwa kuingia stesheni, ila ndani ya treni kondakta atakuja na kukutoza nyongeza. Atafanya hivyo kwa upole, hakuna ugomvi, lakini ni bora uwe umejiandaa.

Halafu unachagua kiti. *Jiyūseki* ni kiti huru, unakaa popote palipo wazi katika sehemu ya behewa iliyotengwa. *Shiteiseki* ni kiti chenye namba yako. Siku za kawaida kiti huru kinatosha kabisa. Ila kuna nyakati ambazo lazima ushike namba: mwaka mpya, likizo za mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, siku za kuwakumbuka wafu katikati ya Agosti, na hasa sikukuu ya Yosakoi hapa Kochi, kuanzia tarehe 9 hadi 12 Agosti, ambapo mji mzima unacheza barabarani na treni zinajaa. Viti vya namba hufunguliwa mwezi mmoja kabla ya safari, saa 4 kamili asubuhi.

Dirishani sema hivi, polepole: *Kōchi made, jōshaken to tokkyū no jiyūseki, ichimai onegaishimasu.* Hapo umeomba tiketi zote mbili, kiti huru, mtu mmoja, hadi Kochi. Ukitaka kiti cha namba, badilisha *jiyūseki* uweke *shiteiseki*. Kama Kijapani bado kinakukwaza, iandike kwenye karatasi na umpe karani. Hata wenyeji hufanya hivyo wakiwa na safari yenye mabadiliko mengi.

Wanafunzi, hili ni lenu. Safari ikizidi kilomita 100 kwa upande mmoja, chuo chako kinaweza kukutolea cheti cha punguzo la wanafunzi, *gakuwari*, na nauli ya msingi inapungua kwa asilimia 20. Okayama hadi Kochi ni kama kilomita 179, kwa hiyo unastahili. Punguzo haligusi nyongeza ya ekspresi. Kwa mara ya kwanza kabisa unapofika nchini hutakuwa na cheti hicho, lakini kuanzia safari ya pili hakuna sababu ya kulipa nauli nzima.

Ndugu anayekuja kukutembelea kwa viza ya utalii ana njia nyingine: pasi ya reli ya Shikoku nzima, inayouzwa kwa siku 3, 4, 5 au 7. Ninyi wenye viza ya masomo hamuwezi kuinunua. Mwambie mgeni wako kwamba pasi hiyo inaanzia Kojima, stesheni ya mwisho kabla ya bahari; kipande cha Okayama hadi Kojima ni cha shirika lingine, JR West, na kinalipiwa pembeni. Mwenye pasi ya Japani nzima hana shida hiyo mpaka Kochi na mpaka Kubokawa, ila akiendelea magharibi zaidi anaingia reli ya kampuni nyingine, Tosa Kuroshio, na pale pasi ya Japani nzima haifanyi kazi. Ile ya Shikoku inafanya.

Kadi za kugusa, hizi mnazozoea Tokyo na Osaka, zisahau. Ukigusa Okayama ukaja nayo hadi Kochi, utakuwa umeingia mahali ambapo huwezi kutoka kwa kugusa. Nunua tiketi ya karatasi.

Okayama, kabla hujapanda

Nanpu hutoka karibu kila saa moja. Ukishuka shinkansen fuata alama za Shikoku. Kwenye majukwaa hayo hayo kuna treni nyingine mbili zitakazokuvuta macho: Marine Liner ya kwenda Takamatsu, na Shiokaze ya kwenda Matsuyama. Zote ni za umeme. Yako ni ya dizeli, na utaisikia inanguruma kabla hujasoma jina. Kabla ya kupanda soma namba ya behewa na mahali linakoenda, vyote vimeandikwa pembeni ya mlango.

Nunua chakula stesheni. Ndani hapauzwi kitu, hata maji. Maduka ya bento ya Okayama yana chaguo la kutosha, na kula kwenye ekspresi ni jambo la kawaida kabisa, mradi si kitu chenye harufu kali. Kuna soketi ya kuchajia simu kwenye kila kiti.

Kama una watoto, angalia ratiba ya Treni ya Anpanman. Ni Nanpu hizi hizi, ila zimechorwa nje na ndani wahusika wa katuni za Takashi Yanase, ambaye asili yake ni huku kwetu Kochi. Mtoto aliyechoka kwa ndege na shinkansen hupata nguvu mpya akiiona.

Njiani, kona kwa kona

Kutoka Okayama hadi Kojima ni tambarare. Kojima wafanyakazi wanabadilishana, wa JR West wanashuka na wa Shikoku wanapanda, kisha treni inaingia Daraja Kuu la Seto. Lilifunguliwa tarehe 10 Aprili 1988. Njia nzima ni kilomita 13.1, na kilomita 9.4 kati ya hizo ziko juu ya bahari, zikirukia visiwa vitano. Magari yako ghorofa ya juu, treni chini. Angalia upande wowote: visiwa vimetapakaa pande zote, na meli zinapita chini ya miguu yako. Nguzo za chuma zinakatiza dirisha kwa kasi, kwa hiyo picha ya simu haitoki vizuri. Tumia macho.

Upande wa pili ni uwanda wa Sanuki: Utazu, Marugame, Tadotsu, Zentsuji, Kotohira. Utaona vilima vimesimama peke yake kama vimechongwa. Sehemu hii reli imenyooka, na ndiyo maana nasema: mambo yako yote yanayohitaji kusimama yafanye hapa. Nenda choo. Kula. Weka begi juu vizuri, na chupa ya maji ifunge. Ukifika Kotohira, mahali penye hekalu maarufu la ngazi 785, muda wako umeisha.

Baada ya Kotohira sikiliza sakafu. Nyaya za umeme zimekatika, mlima umeanza, na injini zinabadilisha sauti. Mwinuko ni wa mita 25 kwa kila mita 1,000. Kwa barabara ya gari hicho si kitu, kwa gurudumu la chuma juu ya chuma ni kazi nzito. Treni inaelekea mpakani mwa Tokushima na kuingia handaki la Inohana, mita 3,845. Karibu na mdomo wa kusini wa handaki kuna stesheni ya Tsubojiri, imefichwa bondeni, ambako treni za kawaida husimama na kurudi kinyumenyume ili kupanda tena. Nanpu inapita bila kusimama, sekunde chache tu. Kisha mteremko mrefu, na chini, upande mmoja, bonde la mto Yoshino linafunguka lote kwa pamoja hadi Awa-Ikeda.

Kuanzia Awa-Ikeda ndipo kona zenyewe. Mto na reli vinagombania bonde moja jembamba. Watu huniuliza wakae upande gani. Jibu ni kwamba mto unaanza kushoto, kwenye korongo la Koboke, halafu treni inavuka daraja na mto unahamia kulia, kwenye korongo la Oboke. Kila upande una zamu yake. Mimi huchagua kulia, kwa sababu Oboke ina miamba myeupe iliyolala kimshazari na maji ya kijani kibichi kati yake, na asubuhi ukungu huwa haujaondoka.

Hapa jaribu jambo moja. Weka chupa ya maji iliyojaa nusu kwenye meza ya kiti na utazame nje, si chupa, bali mstari wa upeo wa milima. Utaona milima inainama upande mmoja, inainuka, inainama upande wa pili. Sasa tazama maji: yanatikisika kidogo tu, hayamwagiki, kwa sababu behewa limelala kiasi kile ambacho kona inataka. Kwa kasi hiyo hiyo kwenye behewa lisilolala, ungekuwa umeshika kiti kwa mikono miwili. Kila nikipita hapa naangalia, na kila mara naona fahari kwa kazi ya binadamu.

Mwenye nafasi ya siku nzima ashuke Oboke. Kuna basi, japo ni la nadra, la kwenda Iya kwenye daraja la mizabibu pori, lenye urefu wa mita 45, linalosukwa upya kila baada ya miaka mitatu. Soma ratiba ya basi kabla ya ratiba ya treni, maana basi ndilo litakalokubana.

Baada ya Oboke ni mahandaki, mwanga, handaki, mwanga. Tosa-Kitagawa ni stesheni iliyojengwa juu ya daraja. Kisha treni inashuka kwa kasi hadi Tosa-Yamada, stesheni yangu, na ghafla mashamba yanatanda, hewa ina joto, na milima iko nyuma. Wanaokwenda upande wa Nahari washuke Gomen. Wengine Kochi.

Kichefuchefu

Wapo ambao mwili wao hauipendi treni inayolala, na si udhaifu. Jicho linaona behewa limetulia, sikio la ndani linahisi linazunguka, ubongo unakasirika. Fanya hivi: kaa katikati ya behewa, si juu ya magurudumu ya mwisho. Tazama mbali nje. Simu iweke mfukoni kutoka Kotohira hadi Tosa-Yamada, kitabu pia. Kula kidogo, mapema. Kama unajijua, meza dawa ya safari kabla ya kuondoka Okayama. Ukisubiri hadi Awa-Ikeda haisaidii tena. Kiti kinazungushwa, kwa hiyo usikubali kukaa ukitazama nyuma. Kanyaga pedali iliyo chini ya kiti na ukigeuze, baada ya kumwomba radhi wa nyuma yako.

Mvua

Hili nawaomba mlichukulie kwa uzito. Kochi ni kati ya mikoa yenye mvua nyingi kabisa Japani, na Dosan imekatwa ubavuni mwa milima. Tarehe 5 Julai 1972 mlima uliporomoka pale Shigeto, kwenye njia hii hii, watu 60 wakafa, na treni iliyokuwa stesheni ikasombwa na udongo. Kwa hiyo mvua ikizidi kiwango, treni zinasimamishwa bila mjadala, na kimbunga kikitabiriwa hutangazwa mapema, wakati mwingine siku moja kabla, kwamba kesho hakuna treni. Kuanzia Juni hadi Oktoba angalia tovuti ya JR Shikoku usiku wa kuamkia safari na tena asubuhi. Usiweke mtihani, miadi ya uhamiaji au ndege siku hiyo hiyo unayovuka mlima.

Treni ikifika ikiwa imechelewa saa mbili au zaidi, nyongeza ya ekspresi unarudishiwa. Nenda dirishani na tiketi yako, usiitupe wala usiiache kwenye geti.

Kuendelea mbele, na kurudi

Kutoka Kochi kwenda magharibi, hadi Nakamura na Sukumo, kuna ekspresi ya Ashizuri. Kaa kushoto: ukifika Awa (si Awa-Ikeda) bahari iko karibu kabisa na reli. Ukibahatika utapanda aina ya 2000, yule babu mwenyewe. Mpande angali kazini. Kiti kimechakaa kidogo, injini ina sauti nzito zaidi, lakini mtambo wa kulala ni ule ule uliofungua njia.

Kurudi, hesabu kutoka mwisho. Shinkansen ya mwisho ya kufika Tokyo huondoka Okayama kabla ya saa 3 usiku, na Nanpu inahitaji karibu saa mbili na nusu hadi tatu kukufikisha pale. Kwa hiyo ukienda Tokyo, kutoka kwako Kochi kusizidi saa 11 jioni. Ukienda Osaka una nafasi zaidi, lakini kipindi cha mvua usiitumie nafasi hiyo.